Kihisi cha oksijeni ya misuli kikisoma ndivyo sivyo

Vihisi vingi vinavyoletwa kibarazani kwangu hapa Langoni, mjini Lamu, vikidaiwa kufa huwa vizima. Mwenyewe hukivua pajani, hukitua mezani katikati ya simu zilizopasuka vioo, akasema kidude hiki ni kirongo. Namuuliza mambo matatu: ulikivaa wapi, saa ngapi, na ulijipaka nini kabla ya kutoka nyumbani? Aghalabu jibu hupatikana hapo hapo, na bisibisi haijatoka mkobani.

Nimeandika kwa kufuata malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara kwa wakimbiaji wa njia ya Shela, waogeleaji na vijana wa mashua za mashindano. Tafuta dalili yako, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo ya kawaida zaidi, kisha teremka. Usiruke kwenda mwisho. Anayeruka ndiye anayekuja kwangu na kifaa kilichofunguliwa kwa kisu.

Kwanza jua kinachopimwa

Usiku washa tochi ya simu, uizibe kwa ncha ya kidole. Kidole kitawaka chekundu. Rangi nyingine zimemezwa na damu na nyama, nyekundu imepenya. Mwanga ulio mbele kidogo ya nyekundu, ambao jicho halioni, hupenya zaidi ya hapo. Mwaka 1977 mtafiti Frans Jöbsis alionyesha kwamba mwanga huo wa infraredi ya karibu unaweza kutumika kufuatilia oksijeni ndani ya mwili bila kukata ngozi, na kihisi cha pajani ni mjukuu wa kazi ile. Taa zake ndogo humulika ndani, na jicho lake lililo sentimita mbili au zaidi pembeni hupokea mwanga unaorudi. Mwanga ukiwa na urefu wa wimbi karibu na nanomita 760, hemoglobini (kibebaji cha oksijeni ndani ya damu) isiyobeba oksijeni humeza zaidi. Ukivuka 800 kwenda juu, ile iliyobeba ndiyo humeza zaidi. Kifaa hulinganisha, kikatoa asilimia ya ile iliyobeba oksijeni.

Asilimia hiyo usiichanganye na ya kile kifaa cha kubana kidoleni tulichokijua sote wakati wa korona. Cha kidole husoma damu ya ateri, na mtu mwenye afya hubaki kati ya 95 na 100 hata akiwa anahema. Cha msuli husoma damu iliyo ndani ya mishipa midogo ya msuli, pamoja na mioglobini, ghala ya oksijeni ya msuli wenyewe, baada ya msuli kuchota mahitaji yake. Ukiona 65 au 70 umekaa, na 30 unapanda machuguu ya mchanga, mambo ni sawa. Baba mmoja alinigongea mlango baada ya isha, amemshika mwanawe mkono: "Mwalimu, mtoto ana oksijeni 38!" Kijana alikuwa ametoka kushindana na wenzake kupanda mchanga wa Shela. Tulipokuwa bado tunasalimiana mlangoni, namba ilikuwa imeshafika 60.

Dalili ya 1: "Hakionyeshi kitu, ni vistari tu"

Angalia kama kimegusa ngozi. Vihisi vingi hulala mpaka vihisi ngozi, na kipya huja na karatasi ya plastiki juu ya kioo ambayo watu husahau kuibandua. Nimeibandua mimi mwenyewe kwenye kihisi kilichotumika wiki mbili.

Pili, angalia nani amekishika. Kwa Bluetooth, vihisi vingi huzungumza na simu moja tu kwa wakati. Simu ya mdogo wako aliyoiunganisha jana bado inakivuta kutoka chumba cha pili. Zima Bluetooth ya simu zote za nyumbani, ubakishe yako. Tena usikiunganishe kupitia mipangilio ya simu. Fungua programu yake na ukiunganishe humo. Simu nyingi za Android za zamani kidogo hazikioni kabisa mpaka uiruhusu programu kutumia mahali ulipo. Hilo halina uhusiano na misuli, lakini ndivyo mfumo ulivyopangwa.

Tatu ni lugha ya redio. Saa nyingi za michezo huongea ANT+, na simu nyingi hazina ANT+. Kihisi kinaweza kuwa kinatangaza vizuri kabisa kwa lugha ambayo simu yako haiijui. Soma kisanduku.

Nne: mwili wako mwenyewe. Redio hizi hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, na maji huyameza. Nasi tumejaa maji. Saa ikiwa mkono wa kushoto na kihisi kikiwa paja la kulia upande wa nje, mawasiliano hukatika kila mkono unapopita nyuma. Hamishia saa mkono wa upande ule ule, ukimbie dakika tano, uone.

Ukimaliza yote hayo na bado ni vistari, tazama taa zake kwa kamera. Fungua kamera ya mbele ya simu, ile ya kujipiga picha, ndani ya chumba chenye kiza kidogo, kisha elekeza kioo cha kihisi kilichowashwa kwenye kamera. Kamera nyingi za mbele huona infraredi ambayo jicho halioni: utaona vidoti vya zambarau au vyeupe vikimetameta. Kama chako hulala kisipogusa ngozi, kiwashe kwa kukigusisha kiganjani kwanza. Usikisogeze jichoni uchungulie kwa karibu. Kidoti kimoja kikiwa kimezimika na vingine vinawaka, taa imekufa, na hapo hakuna fundi wa kisiwani wa kukusaidia. Rudisha kwa muuzaji.

Dalili ya 2: "Kinarukaruka nikiwa njiani, nyumbani kimetulia"

Hii ndiyo mama wa dalili zote hapa kwetu.

Dada mmoja hukimbia kutoka mjini hadi Shela na kurudi, saa moja u nusu asubuhi, kihisi akikifunga paja la kushoto upande wa nje. Alinionyesha grafu yake kwenye simu. Nusu ya kwanza ilikuwa kama meno ya papa: 55, 80, 12, vistari, 71. Nusu ya pili ilikuwa laini kama bahari ya matlai. Alikuwa ameshaamua kwamba misuli yake "huchelewa kuamka". Nikamwambia ageuze simu, aiangalie njia. Ukienda Shela unaelekea kusini, jua la asubuhi liko kushoto kwako, juu ya mkondo wa Manda, na linapiga lile lile paja lenye kihisi. Ukirudi, mwili wako wenyewe ndio unaolitia kivulini. Misuli haikuchelewa popote.

Jua lina infraredi nyingi kuliko taa yoyote ya kihisi. Kifaa hujaribu kuutoa mwanga wa nje kwenye hesabu, lakini mguu unapokunjuka na kukunjika, mwanga unaoingia chini ya ukingo hubadilika kila hatua, na hesabu hupotea njia. Mchanga mweupe na maji hurudisha mwanga kutoka chini, kwa hivyo hata kofia na mwavuli wa mkunazi havitoshi.

Jaribio la kwanza ni la bure. Simama juani kihisi kikiwa mahali pake, usitembee, angalia namba. Kisha kifunike kwa kiganja chote, vidole vikibana ukingo. Namba ikibadilika zaidi ya pointi mbili tatu, mwanga unaingia. Kikaze kidogo, hakikisha ukingo wa mpira haujakunjika, na nyoa nywele za sehemu hiyo kama ni nyingi, kwani nywele hukiinua kihisi na kuacha vichochoro vya mwanga. (Kuna kijana aliyetaka tumfunge punda wake kihisi kabla ya mbio. Tulijaribu. Kwa zile nywele tulikuwa tunapima hewa.)

Jaribio la pili linawashangaza wengi. Watu hukifunika kwa kitambaa cheusi na kudhani kazi imekwisha, lakini weusi wa kuonekana kwa macho na weusi wa infraredi ni mambo mawili. Vitambaa vingi vya nailoni na poliesta vilivyotiwa rangi nyeusi huupitisha mwanga wa infraredi kama chandarua. Chukua rimoti ya televisheni, funika ncha yake kwa kitambaa chako, bonyeza kitufe huku ukiitazama kwa kamera ya mbele ya simu. Ukiona bado inamemeta kwa nguvu, kitambaa hicho hakikufai, hata kama ni suruali ya mazoezi ya bei ghali. Buibui la dada yule lilipitisha mwanga wote. Kilichouzuia kilikuwa kipande cha mpira mweusi wa suti ya kuogelea, cha ukubwa wa kiganja, kilichokuwa kimetupwa na mwenye duka la vifaa vya kuzamia. Tumekishona ndani ya mkanda. Sijamwona tena kwa shida hiyo.

Sababu ya tatu ni kuteleza. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa ngozi na adui wa mkanda. Osha sehemu hiyo kwa sabuni, kausha, ndipo uvae. Krimu za kuzuia jua zenye zinki nazo hurudisha mwanga nyuma na kuacha ukungu kwenye kioo.

Ya nne si hitilafu. Mawimbi madogo madogo yanayokwenda sawa na hatua zako ni ya kweli: msuli ukikaza husukuma damu nje, ukilegea damu huingia. Ukiyaona hayo, na wastani umetulia, acha kama kulivyo. Programu nyingi zina mahali pa kulainisha grafu kwa sekunde kadhaa. Lainisha kidogo, kwa sababu ukizidisha utaona mlima umeshaupita ndipo namba ianze kushuka.

Dalili ya 3: "Hakishuki hata nikikimbia mpaka roho itoke"

Kabla ya lolote, fanya jaribio la ukuta. Egemeza mgongo ukutani, shuka kama aliyekalia kiti kisichokuwepo, magoti yawe mraba, kaa hivyo sekunde 30 hadi 40 kihisi kikiwa paja la mbele. Namba inapaswa kushuka waziwazi ndani ya sekunde chache. Ukisimama itapanda, na mara nyingi itapita ilipoanzia kabla ya kutulia. Ikifanya hivyo, kihisi ni kizima na tatizo liko kwenye matumizi.

Mara nyingi ni msuli usiofanya kazi hiyo. Mkimbiaji wa mwendo wa pole kwenye barabara tambarare ya mbele ya mji hatumii paja la mbele sana. Namba inaweza hata kupanda kidogo damu inapochangamka. Jaribu shavu la mguu, au panda mchanga. Vijana wa mashua walikuwa wakikivaa pajani kisha wakashangaa, ilhali kazi yao yote ya kuvuta kamba ya tanga iko kwenye mkono kati ya kiwiko na kiganja.

Kisha mafuta ya chini ya ngozi. Hili watu hawapendi kulisikia, nami hulisema kwa adabu. Mwanga hufika kina cha karibu nusu ya umbali uliopo kati ya taa na jicho la kihisi. Umbali ukiwa milimita 25, unafika kama milimita 12. Sasa minya ngozi ya mahali unapokivaa, inua mkunjo, upime unene wake kwa rula. Gawa kwa mbili. Hiyo ndiyo ngozi na mafuta. Ikikaribia kina kile, unapima mafuta, na mafuta hayachoki. Hamisha kihisi mahali penye ngozi nyembamba zaidi, mara nyingi ni shavu la mguu au mkono. Wanawake wengi hupata usomaji mzuri hapo kuliko pajani, na haimaanishi lolote juu ya afya zao.

Kisha hina na piko. Msimu wa harusi hili hunijia karibu kila wiki. Hina ya asili, ile nyekundu, haisumbui sana kwa kuwa mwanga mwekundu huipita. Piko jeusi ni habari nyingine: linameza mwanga kabla haujaingia, na ua lililochorwa mpaka katikati ya muundi huacha kihisi gizani. Kipindi hicho hamishia kihisi pasipo na maua, usisugue. Na piko likikuwasha au likatoa malengelenge, usiweke mkanda juu yake hata kidogo. Nenda zahanati, kwani piko nyingi huchanganywa na rangi ya nywele ambayo baadhi ya ngozi haziiwezi.

Weusi wa ngozi nao hupunguza mwanga unaorudi. Kihisi kizuri huongeza nguvu ya taa, lakini usomaji unaweza kuwa na kelele zaidi. Kumbuka tu kwamba rangi yako haibadiliki kati ya asubuhi na jioni, kwa hivyo haiwezi kuwa sababu ya grafu iliyokuwa nzuri Jumatatu na mbovu Jumatano. Inaweza kuwa sababu ya kutolinganisha namba yako na ya yule Mzungu aliyepigwa picha kwenye kisanduku.

Onyo. Katika maabara huzibwa damu ya mguu kwa mkanda wa presha ili kupata kiwango cha chini kabisa cha msuli. Mtu akakiona hicho kwenye video, akaja kuniuliza kama mpira wa ndani wa baiskeli utafaa. Haufai. Kuziba damu bila kipimo cha presha na bila mtu anayejua kunaweza kuumiza neva na mishipa.

Dalili ya 4: "Kiko chini wakati nimekaa tu"

Mkanda umekaza mno. Hii ndiyo sababu ya kwanza kwa mbali. Programu nyingi huonyesha pia hemoglobini yote, mstari wa pili ambao watu huupuuza. Ukiwa umekaa bila kutikisika na mstari huo unapanda polepole huku asilimia inashuka, damu inaingia mguuni lakini inashindwa kutoka. Legeza mpaka kidole kimoja kipite chini ya mkanda bila kupigana. Nikivua mkanda na kuona alama nyekundu iliyozama kama mfereji, sina haja ya kuuliza zaidi.

Baridi ni ya pili. Bahari yetu ni ya vuguvugu, lakini ukitoka majini kipindi cha kusi, upepo ukakupiga na nguo zimelowa, mishipa ya ngozi na misuli hujibana. Jikaushe, tembea dakika kumi, upime tena. Kinyume chake hutokea kaskazi inapoleta joto: damu nyingi huja juu ya ngozi kujipoza, na kwa kuwa damu hiyo imejaa oksijeni, namba hupanda bila msuli kufanya lolote.

Ya tatu ni mkao. Kukunja mguu chini yako barazani hubana mishipa ya nyuma ya goti. Nyoosha.

Ya nne ni kukivaa juu ya mshipa mnene unaoonekana. Kisogeze sentimita mbili.

Hapa simama usome vizuri. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na maumivu kwenye shavu la mguu, hasa baada ya safari ndefu ya basi kutoka Nairobi au Mombasa, vua kila kitu na uende hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa. Usikandwe, usisingwe, usipakwe kitu na kusuguliwa, hata na bibi mwenye mkono mwepesi kuliko wote mjini, kwa sababu bonge hilo likisogea linaweza kwenda mapafuni. Ukianza kukosa pumzi au kifua kuuma, hilo halisubiri hata mashua ya kawaida.

Na mguu ukifa ganzi au vidole vikapauka ukiwa umevaa mkanda, uvue papo hapo. Ganzi isipoondoka, muone daktari.

Dalili ya 5: "Jana 62, leo 74, mwili ni ule ule"

Mara tisa kwa kumi, kwa makadirio ya mtu aliyechoka kuulizwa, kihisi kimehama. Sentimita mbili pajani ni msuli mwingine, unene mwingine wa mafuta. Tumia kalamu ya wino usiofutika haraka: chora pembe mbili za kihisi kwenye ngozi, ziongeze kila baada ya kuoga. Kama hutaki michoro, pima kwa vidole kutoka juu ya goti na uandike: vidole vinane juu, vitatu nje. Kijana wa mashua hutumia kovu lake la goti kama alama, nami nimemsifu.

Baada ya hapo angalia kama kuna aliyesasisha programu au kifaa katikati ya wiki. Hesabu ya ndani ikibadilika, namba za zamani na mpya haziongei tena. Vihisi vya watengenezaji wawili navyo havitakubaliana hata vikivaliwa mguu mmoja, kwa kuwa kila mmoja ana urefu wake wa mawimbi, umbali wake na hesabu yake. Kwa maoni yangu namba ya siku moja ina thamani ndogo. Kinachofaa kutazamwa ni umbo: imeshuka kwa kasi gani ulipoanza mchanga, ilitulia wapi, ilichukua sekunde ngapi kurudi ulipopumzika.

Usitumie kifaa hiki kujipima upungufu wa damu. Kinasoma sehemu ya hemoglobini iliyobeba oksijeni, wala hakihesabu hemoglobini yako ni nyingi kiasi gani. Aliyepungukiwa damu anaweza kusoma 70 sawa na aliyeshiba. Huku pwani selimundu iko kwenye familia nyingi. Mwenye selimundu, au anayehisi kizunguzungu na moyo kwenda mbio kwa kazi ndogo, apimwe damu hospitalini, na mazoezi yake yapangwe na daktari anayemjua.

Dalili ya 6: "Nikiingia majini kinapotea, nikitoka kimefunga ukungu"

Kupotea majini ni kawaida. Maji huyameza mawimbi ya redio kama nilivyosema. Kama kihisi chako kina kumbukumbu ya ndani, kiache kiandike, ukitoka ndipo upakue. Kama hakina, huna dawa.

Ukungu ni chumvi. Vihisi vingi vimeandikwa IPX7, yaani vilijaribiwa dakika 30 kwenye maji yenye kina cha mita 1, na jaribio hilo hufanywa kwa maji matamu. Hakuna aliyekiahidi Bahari ya Hindi. Kila ukitoka, kisuuze, na usikisuuze kwa maji ya kisima chenye chumvi kama vilivyo vingi hapa mjini, kwani utaongeza tabaka juu ya tabaka. Glasi moja ya maji ya kunywa yatosha. Kausha kwa kitambaa laini cha pamba. Usitumie petroli, wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha, wala kile kitambaa unachofutia meza.

Ukungu ukiwa ndani ya kioo, ukauona lakini huwezi kuufuta, maji yameingia. Kizime. Usikichaji. Usikitie kwenye mchele. Mchele utakupa vumbi la mchele. Kiache kivulini penye hewa na ukipeleke kwa muuzaji.

Dalili ya 7: "Hakichaji" au "kinapata moto"

Tazama vidoti vya shaba vya kuchajia. Vikiwa na kijani, ni kutu ya jasho na chumvi. Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti, sugua pole pole, acha ikauke dakika kumi, jaribu tena. Kijani kikirudi kila wiki, huwa unakichaji kikiwa na unyevu. Umeme na chumvi pamoja hula shaba usiku mmoja. Badilisha kebo na adapta kabla ya kulaumu kihisi. Nusu ya "hakichaji" huisha kwa kebo ya jirani.

Kihisi kilichoachwa juu ya sitaha ya mashua adhuhuri kinaweza kukataa kuchaji kwa makusudi. Betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikipita nyuzi joto 45 au hivi. Kipeleke kivulini, subiri nusu saa.

Joto la vuguvugu wakati wa kuchaji ni sawa. Joto la kukufanya utoe kidole, harufu kama ya rangi ya kucha, au mgongo wa kihisi ulioanza kufura mpaka hakilali sawa mezani: chomoa. Kitoe nje, kiweke juu ya mchanga au ndani ya sufuria kuukuu, mbali na makuti. Usikitoboe, usikifinye kirudi, usijaribu "mara moja tu" kuona kama kitawaka. Mimi natengeneza simu mchana kutwa, na kihisi kilichovimba sikifungui. Kimegundishwa kwa gundi pande zote, betri iko milimita chache chini ya ncha ya kisu, na hata ukifaulu, hakitazuia maji tena. Vivyo hivyo ukikuta ngozi imeungua au imetoka lengelenge mahali palipokaa taa, acha kukivaa, upige picha ngozi na kihisi pamoja, uende zahanati kwanza na kwa muuzaji baadaye.

Jambo la usafiri ni letu sisi watu wa kisiwani. Kifaa chenye betri iliyovimba hakiruhusiwi kupanda ndege, na hapo kiwanja cha Manda usimpe rafiki anayesafiri akutilie begini bila kumwambia. Piga simu kwa muuzaji kabla ya kutuma. Wengi watakubali picha na video ya hitilafu, na watakutaka ukipeleke kituo cha taka za umeme badala ya kukirudisha. Akisisitiza akione, muulize kama atakubali kije kwa nchi kavu, na umwambie mwenye basi waziwazi kilicho ndani. Kifungie ndani ya kopo la bati lenye mchanga mkavu, uandike juu kwa kalamu nene, ukivushe mwenyewe kwa boti hadi Mokowe, umkabidhi dereva mkononi.